Hoteli, Polisi na Kicheko: Tamthilia ya «L'Hôtel du libre échange» (1894) mbele ya Sheria ya Ndoa

0. Utangulizi

Katika historia ya fasihi, tamthilia za kuchekesha hazikupewa heshima sawa na tanzia. Tanzia ilisomwa kama hazina ya fikra za taifa. Kichekesho kiliachiwa watu wa kustarehe, waliokwenda kukitazama baada ya chakula cha jioni na kukisahau kabla ya kulala. Hata hivyo, mwanahistoria anayetaka kujua watu wa zamani waliogopa nini hana budi kuuliza pia walicheka nini, kwa maana kicheko na hofu ni watoto wa tumbo moja.

Makala hii inachunguza tamthilia moja ya Kifaransa, «L'Hôtel du libre échange», iliyotungwa na Georges Feydeau pamoja na Maurice Desvallières na kuonyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Nouveautés, mjini Paris, tarehe 5 Desemba 1894. Sehemu yake ya pili hutendeka katika hoteli yenye sifa mbaya, ambamo watu wa heshima wanaingia kwa siri na polisi wanaingia kwa kishindo. Kwa mtazamaji wa leo, hiyo ni mizaha ya milango na vitanda. Kwa mtazamaji wa 1894 ilikuwa pia hadithi ya kosa la jinai, kwa sababu uzinzi wakati huo uliadhibiwa na sheria, na adhabu ya mwanamke haikuwa sawa na adhabu ya mwanamume.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mchezo huo hauwezi kueleweka vema bila sheria iliyokuwa nyuma yake. Swali hilo si la Wafaransa peke yao. Sheria za Ufaransa ziliacha alama katika sheria za Ubelgiji, na mapokeo hayo ya kisheria yalifika Kongo pamoja na utawala wa Ubelgiji.

1. Mtunzi na wakati wake

Georges Feydeau alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1862. Baba yake, Ernest Feydeau, alikuwa mwandishi aliyepata umaarufu kwa riwaya yake «Fanny» (1858), ambayo nayo ilihusu mapenzi ya mwanamke aliyeolewa. Kijana Georges alifanikiwa mapema kwa mchezo «Tailleur pour dames» (1886), kisha akapitia miaka kadhaa ya kushindwa. Bahati ilimrudia mwaka wa 1892, na mwaka wa 1894 ndio uliothibitisha sifa yake: «Un fil à la patte» ulionyeshwa mwezi wa Januari, na «L'Hôtel du libre échange» mwezi wa Desemba. Mchezo huu wa pili ulionyeshwa zaidi ya mara 300 mfululizo.

Jina la mchezo lenyewe lilikuwa mzaha ulioeleweka mara moja. Maneno «libre échange» yana maana ya biashara huria baina ya mataifa. Mnamo Januari 1892 bunge la Ufaransa lilikuwa limepitisha sheria ya ushuru inayojulikana kwa jina la waziri wa zamani Jules Méline, iliyowalinda wakulima na wenye viwanda dhidi ya bidhaa za kigeni. Hivyo mabishano juu ya biashara huria yalikuwa bado katika magazeti. Feydeau na mwenzake walilichukua neno la wachumi na kulitundika juu ya mlango wa hoteli ambamo kinachobadilishwa si ngano wala mvinyo, bali wake na waume.

Tena, tamthilia hiyo ilipita mikononi mwa wakaguzi wa serikali, kwa kuwa ukaguzi wa michezo ya jukwaani uliendelea nchini Ufaransa hadi 1906. Jambo hilo linaeleza kwa sehemu tabia moja ya michezo ya Feydeau: wahusika wanaukimbilia uzinzi kwa nguvu zao zote, lakini kwa kawaida hawaufikii. Kitanda kimetandikwa, mlango umefungwa, na papo hapo mtu anabisha hodi.

2. Usiku mmoja hotelini

Muhtasari wa mchezo ni wa lazima kabla ya kuendelea. Pinglet ni mkandarasi wa majengo, ameoa mke mkali anayemtawala. Jirani na rafiki yake ni Paillardin, msanifu majengo, ambaye anapenda usingizi na kazi kuliko mkewe, Marcelle. Siku moja Marcelle anachoka kupuuzwa, anatangaza kwamba atalipiza kisasi, na Pinglet anajitoa haraka kuwa chombo cha kisasi hicho. Tangazo la hoteli moja ya mtaa wa Provence limewafikia kwa posta. Linaahidi usalama na usiri kwa watu wenye ndoa, na haliulizi kama wanakuja na wenzi wao au bila wao.

Mke wa Pinglet anaondoka kwenda kumtazama dada yake nje ya mji, baada ya kumfungia mumewe ndani kwa ufunguo. Pinglet anatoroka dirishani kwa ngazi ya kamba. Usiku huohuo Paillardin anatumwa kwenye hoteli hiyohiyo kwa kazi ya utaalamu: chumba kimoja kinasemekana kuwa na mizuka, naye anatakiwa kuchunguza kama kelele zinazosikika ni za pepo au za mabomba. Mathieu, wakili kutoka Valenciennes aliyekuja Paris na mabinti zake wanne, anafikia hapohapo. Maxime, mpwa wa Paillardin na mwanafunzi wa falsafa, analetwa huko na Victoire, mtumishi wa kike wa nyumba ya Pinglet.

Jukwaa la sehemu ya pili limegawanyika: upande mmoja chumba cha wapenzi, katikati ukumbi mdogo na ngazi, upande wa pili chumba cha mizuka. Mtazamaji anaona pande zote kwa wakati mmoja. Mhusika anaona chumba chake tu. Pinglet anaugua kwa sababu ya sigara na mvinyo, kiti kinavunjika, mabinti wa Mathieu waliovaa nguo nyeupe za kulalia wanadhaniwa kuwa mizuka. Pinglet anajificha katika dohani na kutoka akiwa mweusi kwa masizi, hata rafiki yake mwenyewe asimtambue.

Kisha polisi wanafika, wakiongozwa na kamishna wao. Pinglet na Marcelle wanaulizwa majina. Marcelle, ili aonekane kuwa mke halali wa mwanamume aliye naye, anajitambulisha kuwa ni Bibi Pinglet. Pinglet naye, kwa nia ileile, anajitambulisha kuwa ni Bwana Paillardin. Kila mmoja amechukua jina la mwenzake ili kuunda ndoa, na kwa kufanya hivyo wameunda uzinzi wa watu wengine wawili: sasa katika karatasi za polisi, Bibi Pinglet amekutwa hotelini na Bwana Paillardin. Sehemu ya tatu ya mchezo ni hesabu ya matokeo ya kosa hilo dogo la sarufi ya ndoa.

3. Sheria nyuma ya mlango

Ili kuelewa kwa nini watu hawa wanatetemeka, ni lazima kufungua Sheria ya Jinai ya Ufaransa ya 1810, iliyokuwa bado ikitumika mwaka wa 1894. Vifungu vya 336 hadi 339 vilihusu uzinzi. Mke aliyepatikana na hatia alihukumiwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Mumewe peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kumshitaki, na mume huyo aliweza kukatiza adhabu kwa kukubali kumrudisha mkewe nyumbani. Mwanamume aliyeshirikiana na mke huyo alipata kifungo cha muda uleule, pamoja na faini ya faranga 100 hadi 2000.

Kwa upande wa mume, mambo yalikuwa mbali. Yeye hakuwa na hatia ya uzinzi ila pale alipomweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa, na mkewe akamshitaki. Hata hapo adhabu yake ilikuwa faini ya faranga 100 hadi 2000, bila kifungo. Mume aliyekwenda hotelini na mwanamke asiyeolewa hakuwa amevunja sheria yoyote ya jinai. Zaidi ya hayo, kifungu cha 324 kilimpunguzia adhabu mume aliyemuua mkewe na mgoni wake, ikiwa aliwafumania katika nyumba ya ndoa. Mke hakupewa msamaha wa namna hiyo.

Sheria ya talaka ilikuwa na historia yake. Talaka iliruhusiwa na Mapinduzi mwaka wa 1792, ikafutwa mwaka wa 1816 baada ya kurudi kwa wafalme, na kurudishwa tarehe 27 Julai 1884 kwa juhudi za Alfred Naquet. Sheria hiyo ya 1884 iliwalinganisha mume na mke katika jambo moja: kila mmoja aliweza kuomba talaka kwa sababu ya uzinzi wa mwenzake. Kwa hiyo, wakati Feydeau alipoandika, Ufaransa ilikuwa na mizani miwili. Mbele ya hakimu wa talaka, mume na mke walikuwa sawa. Mbele ya hakimu wa jinai, hawakuwa sawa.

Kuna sheria nyingine inayoonekana katika mchezo huo, nayo ni ile ya nyumba za kupangisha. Kifungu cha 475 cha Sheria ya Jinai kilimlazimisha kila mwenye hoteli kuandika katika daftari jina, hali, makao, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka ya kila mgeni aliyelala kwake. Asiyefanya hivyo alitozwa faini. Polisi wa Paris walikuwa na haki ya kulitazama daftari hilo. Walikuwa pia na kikosi cha maadili kilichowasimamia makahaba: wale walioandikishwa walifanyiwa uchunguzi wa kiganga, na wale wasioandikishwa waliwindwa. Mwanamke aliyeshukiwa aliweza kukamatwa na kuzuiliwa kwa amri ya polisi, bila kufikishwa mbele ya mahakama ya kawaida.

Hapo ndipo uongo wa Marcelle unapoeleweka. Kamishna hakuletwa na mume mwenye wivu. Amekuja kukagua hoteli yenye sifa mbaya. Bila mashitaka ya Paillardin, Marcelle hakuweza kuhukumiwa kwa uzinzi. Lakini mwanamke aliyekutwa usiku katika chumba cha namna ile, bila jina la mume wa kumkinga, alikuwa na sababu ya kuogopa jambo jingine baya zaidi, yaani kudhaniwa kuwa kahaba. Kusema «mimi ni mke wa huyu» kulikuwa ngao pekee iliyokuwa karibu na mkono wake. Mtazamaji alicheka kwa sababu ngao hiyo ilimgeukia. Lakini hakuhitaji kuelezwa kwa nini aliinyakua.

4. Majina na fumanizi

Kiswahili kina kitenzi kimoja kamili kwa tukio ambalo sheria ya Kifaransa inalieleza kwa maneno mawili: kufumania. Anayefumaniwa amekutwa katika tendo lenyewe, na anayefumania, kwa kawaida, ni mwenye haki iliyovunjwa. Nomino fumanizi inabeba watu wote wa tukio hilo: mume au mke, mwenzi aliyekosa, na mgoni. Istilahi ya Kifaransa, yenye asili ya Kilatini, inataja kosa lenyewe kana kwamba ni moto ungali ukiwaka, haimtaji aliyeliona. Tofauti hiyo si ndogo. Katika fumanizi kuna macho ya mtu anayejua nani ni nani. Katika istilahi ya sheria kuna ofisa anayekuja, anauona moto, na kuandika.

Mchezo wa Feydeau umejengwa juu ya pengo hilo. Hotelini hakuna anayemfumania mwingine, ingawa kila sharti la fumanizi limetimia. Paillardin, mume mwenye haki, yuko chumba cha pili akiwangojea mizuka. Anayefungua mlango ni kamishna, asiyemjua yeyote. Kwa kuwa hajui nyuso, analazimika kuamini majina. Na kwa kuwa mwanamke wa wakati huo aliitwa kwa jina la mumewe, jina moja linatosha kumhamisha kutoka ndoa hadi ndoa. Lau Marcelle angalikuwa na jina lake mwenyewe mbele ya polisi, kosa lile lisingalitokea. Ni desturi ya kumtaja mke kwa jina la mume inayomwezesha Bibi Pinglet, aliyekuwa mbali na Paris usiku ule, kuamka asubuhi akiwa mshitakiwa.

Vilevile desturi hiyo inamgeuza Paillardin kutoka mtendewa kuwa mtenda. Yeye ndiye aliyeibiwa, lakini karatasi inasema yeye ndiye mwizi. Pinglet anaitumia bahati hiyo bila haya: nyumbani kwake anasimama kama mume aliyedhulumiwa, akidai maelezo kutoka kwa mke ambaye hakufanya lolote na rafiki ambaye alikuwa karibu kumsaliti. Mtazamaji anacheka, lakini kicheko hicho kina uchungu ndani yake. Mwanamume mwenye hatia anaweza kuivaa hasira ya mume mwema, na hasira hiyo ikamkaa vizuri, kwa sababu sheria imeishona kwa kipimo chake.

Kigugumizi cha Mathieu kina nafasi katika hoja hiyohiyo. Wakili huyo anasema vizuri kabisa wakati wa jua. Mvua ikinyesha, ulimi wake unafungwa. Mtu ambaye kazi yake ni kusema mbele ya mahakama, na ambaye amewaona watu hotelini kwa macho yake, ushahidi wake unategemea hali ya hewa. Wanaisimu wanaweza kuutazama mzaha huo kwa makini: katika mchezo huu ukweli hauzuiwi na uongo peke yake, bali na udhaifu wa vyombo vya usemi. Maandishi ya polisi hayana kigugumizi, nayo yamekosea. Shahidi wa kweli anacho.

5. Nani anayelipa

Yaliyochekesha jukwaani yalikuwa yamekwisha kutokea bila kicheko. Mnamo Julai 1845, kamishna wa polisi mjini Paris aliitwa na mchoraji François-Auguste Biard ili kumfumania mkewe, Léonie, katika chumba kilichopangwa karibu na kanisa la Saint-Roch. Mwanamume aliyekutwa naye alikuwa Victor Hugo. Mshairi huyo alikuwa ameteuliwa miezi michache kabla kuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge. Alidai kinga ya cheo chake na kuachiwa. Léonie Biard hakuwa na cheo. Alipelekwa gereza la wanawake la Saint-Lazare, na baadaye katika nyumba ya watawa. Chumba kilikuwa kimoja, usiku ulikuwa mmoja, lakini milango ya kutokea ilikuwa miwili.

Tukio hilo linasaidia kuusoma mwisho wa tamthilia ya 1894. Feydeau na Desvallières walihitaji kuwaokoa watu wa ndoa bila kumwacha kamishna mikono mitupu. Suluhisho lao ni kuiondoa lawama juu ya wenye ndoa na kuiweka juu ya Maxime, ambaye usiku ule alikuwa kweli hotelini pamoja na Victoire. Kisheria, suluhisho hilo ni sahihi ajabu: Maxime hana mke na Victoire hana mume, kwa hiyo hapana uzinzi, na faili linaweza kufungwa. Ndoa mbili zinasimama tena, huku wote wanaojua ukweli wakinyamaza.

Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza kuhusu Victoire. Kwa kijana wa familia nzuri, usiku mmoja hotelini ni hadithi ya kuwasimulia wenzake chuoni. Kwa mtumishi wa kike wa Paris wa wakati huo, sifa mbaya iliweza kumaanisha kufukuzwa kazi bila barua ya kumsifu, na bila barua hiyo kupata kazi nyingine kulikuwa kugumu. Mchezo haulisemi jambo hilo. Pazia linashuka kabla. Ukimya huo nao ni ushahidi. Kichekesho kinaweza kuwaokoa wahusika wake wakuu kwa sababu kuna mtu wa chini ambaye jina lake halitazamwi sana.

Haifai kumfanya Feydeau kuwa mtetezi wa wanawake. Hakuandika ili sheria ibadilishwe, na wahusika wake wa kike mara nyingi ni wake wakali au warembo wenye hasira. Hata hivyo, fundi wa saa hahitaji kuupenda wakati ili aupime sawasawa. Kwa kuwa mitambo yake ya kuchekesha ilitegemea hofu za kweli, aliziweka mahali pake kwa uaminifu kuliko waandishi wengi waliokusudia kufundisha.

6. Hoteli nyingine, na mwisho wa kosa

Feydeau alirudia hoteli mara kadhaa. Katika «Le Dindon» (1896), sehemu ya pili hutendeka katika hoteli iitwayo Ultimus. Kengele zimewekwa chini ya godoro, na makamishna wawili wa polisi wanafika mmoja baada ya mwingine. Katika «La Puce à l'oreille» (1907), hoteli ya Minet Galant ina kitanda kinachozunguka pamoja na ukuta wake, ili anayefumaniwa atoweke na mgonjwa mzee atokee mahali pake. Humo mume mmoja mwenye wivu anazunguka na bastola. Hofu ya karatasi katika mchezo wa 1894 imekuwa hofu ya risasi. Na tofauti hiyo pia ina mpaka wake wa kisheria: kifungu cha 324 kilitaja nyumba ya ndoa, wala si chumba cha hoteli.

Maisha ya mtunzi yaliishia kufanana na kazi yake kwa namna asiyoichagua. Mwaka wa 1909 aliondoka nyumbani baada ya ugomvi na mkewe, akahamia Hôtel Terminus karibu na stesheni ya Saint-Lazare. Alikwenda kama mtu wa kukaa kwa muda mfupi, lakini aliishi humo karibu miaka kumi. Talaka yake ilitolewa mwaka wa 1916. Alifariki Rueil tarehe 5 Juni 1921, baada ya ugonjwa wa akili.

Tamthilia ya 1894 ilisafiri mbali. Ilionyeshwa London mwaka wa 1896 kwa jina la «A Night Out». Peter Glenville aliitafsiri upya kwa jina la «Hotel Paradiso» mwaka wa 1956, naye ndiye aliyeifanya filamu mwaka wa 1966, akiwatumia Alec Guinness na Gina Lollobrigida. Mwaka wa 2017 Comédie-Française, ukumbi mkuu wa taifa la Ufaransa, iliiingiza katika orodha ya michezo yake. Kichekesho cha mtaani kilikuwa kimekuwa urithi.

Wakati huo sheria iliyokizaa ilikuwa imekwisha kufa. Sheria ya 11 Julai 1975 iliufuta uzinzi katika orodha ya makosa ya jinai nchini Ufaransa, ikafuta pia msamaha wa kifungu cha 324. Tangu hapo waigizaji wa Kifaransa wanapokimbia kuingia dohani, hawamkimbii tena hakimu wa jinai. Kinachobaki ni aibu, na aibu peke yake haina kasi ileile. Ndiyo sababu maonyesho mengi ya siku hizi huongeza mwendo, kelele na rangi: yanajaribu kufidia hofu ambayo watazamaji hawaji nayo tena kutoka nyumbani.

Kwa msomaji wa Kongo, hali ni tofauti, na tofauti hiyo ina tarehe. Ubelgiji, ambayo Sheria yake ya Jinai ya 1867 ilifuata njia ya Ufaransa kwa kumwadhibu mke kwa ukali kuliko mume, iliufuta uzinzi katika makosa ya jinai mwaka wa 1987. Mwaka huohuo, tarehe 1 Agosti, Zaire ilipata Sheria ya Familia nambari 87-010, ambayo kifungu chake cha 467 kiliuadhibu uzinzi. Mke alikuwa na hatia kwa tendo lenyewe. Mume alikuwa na hatia pale tu mazingira ya tendo lake yalipolipa sura ya tusi kubwa. Muundo wa mawazo ni uleule wa 1810: kwa mmoja tendo latosha, kwa mwingine panatakiwa nyongeza. Sheria ya 15 Julai 2016, iliyoirekebisha Sheria ya Familia, ilikusudia kuondoa ubaguzi wa namna hiyo dhidi ya mwanamke.

Hivyo, mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayesoma Feydeau yuko karibu na watazamaji wa 1894 kuliko mwanafunzi wa Paris. Hahitaji maelezo marefu ili ajue kwamba daftari la hoteli linaweza kuwa kitu cha kutisha, au kwamba barua ya polisi inayofika nyumbani inaweza kuvunja familia kabla hakimu hajasema neno.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, hoteli ya Feydeau si mapambo ya mchezo tu. Ni mahali ambapo mamlaka mawili, ile ya mume na ile ya polisi, yanakutana juu ya ngazi moja. Pili, fujo za mchezo zinatokana na namna sheria na desturi zilivyomtambua mwanamke kwa jina la mumewe, hata mtu asiyekuwapo aweze kushitakiwa na aliyekuwapo aweze kuwa hakimu. Tatu, furaha ya mwisho inanunuliwa kwa kuihamisha lawama hadi kwa watu ambao sheria ya ndoa haiwahusu.

Anayetaka kuzitafsiri tamthilia hizi kwa Kiswahili, kazi inayowafaa wanafunzi wa idara zetu, asianze na mizaha ya maneno. Aanze na hofu. Aulize katika mji wake nani akikutwa hotelini atapoteza nini, nani atatoka kwa mlango wa mbele, na nani atasukumwa nyuma. Akishayapata majibu hayo, maneno ya kuchekesha yatakuja yenyewe, kwa maana Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya fumanizi. Asipoyapata, atakuwa ametafsiri milango mingi inayofunguka na kufungwa, bila mtu nyuma yake.